Ndonya ya Bibi Tekla

Kengele ya mwisho ya shule ikilia, mimi nilikuwa na kazi tatu kabla sijawa huru. Kwanza niteke maji ndoo mbili pale bombani. Pili nimbebe mdogo wangu mchanga ili mama apumue kidogo. Tatu nimsagie bibi yangu ugoro, maana alisema wa dukani umejaa mchanga. Nikishamaliza, nilifunga kitambaa kichwani nikakimbilia kwenye banda la Fundi Anselmo, nyumba ya nne kutoka kwetu, hapo hapo Temeke. Mwaka huo ulikuwa 1954, nami nilikuwa na miaka kumi na miwili. Wasichana wenzangu walicheza rede. Mimi nilikwenda kukereza miti.

Fundi Anselmo alikuwa Mmakonde kama sisi, na kazi yake alijifunza katika karakana ya misheni huko kusini. Alitengeneza matendegu ya vitanda, michi na vipini. Kerezo lake alilibuni mwenyewe. Chini palikuwa na miguu ya cherehani kuukuu: unakanyaga, gurudumu linazunguka, mkanda wa ngozi unavuta. Juu palikuwa na ncha mbili za chuma zinazotazamana, na mti ulibanwa katikati yake ukazunguka. Fundi aliegemeza patasi kwenye ubao, akaigusisha kwenye mti, na maranda yakaruka. Mimi nilianza kwa kwenda kuokota hayo maranda ya kuwashia moto. Siku moja akaniambia, "Badala ya kusimama hapo ukanizibia mwanga, hebu kanyaga." Nikakanyaga, na tangu siku hiyo sikubanduka.

Lakini nisijisifu. Kwa muda wa miezi miwili karibu sikuelewa kitu chochote. Babu yangu marehemu, Marselino, alikuwa mchongaji, na wajomba zangu ni wachongaji. Kwetu sisi mti hukaa, mkono ndio unaokwenda. Hapa mambo yalikuwa kinyume.

"Usichonge, Anjelina," Fundi alisema. "Wewe tulia, mti ndio unaokuja kwako. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Fundi."

Nikaisukuma patasi kama nachonga, ikaruka ikanipiga kidoleni.

Mara nyingine mti ulizunguka vizuri lakini patasi iliteleza tu juu yake, haikula kitu. Fundi alinieleza kwamba gurudumu lilikuwa linakwenda kinyumenyume, na kwamba kabla ya kukanyaga yapasa nilianzishe kwa mkono kuja upande wangu. Aliniuliza kama nimeelewa. Nikajibu nimeelewa. Kwa kweli nilikuwa nimesikia maneno tu, yakapita. Nyumbani tulifundishwa kwamba mkubwa akisema, mtoto huitikia. Kumwambia mkubwa "sijaelewa" niliona ni kama kumwambia hajui kusema. Basi niliitikia kila kitu, kisha nikabaki nimeduwaa mbele ya kerezo kama kuku mgeni.

Amri moja tu niliielewa barabara, kwa kuwa ilikuwa fupi. "Usibane kitu chochote kwenye ncha hizi mie nisipokuwepo."

Sasa nimtaje bibi yangu. Bibi Tekla, mama yake baba, aliletwa kwetu kutoka Newala mama alipojifungua. Mdomo wake wa juu ulikuwa umetobolewa tangu usichana, na humo alivaa ndonya, kipande cha mpingo cheusi, kipana kuliko sarafu kubwa. Ndonya hiyo ilichongwa na babu kwa kisu walipooana. Bibi aliivua asubuhi tu, wakati wa kunawa uso, akaiweka ndani ya kifuu cha nazi kando ya kitanda chake. Hakuna mtu wa nje aliyewahi kumwona bila ndonya. "Mwanamke wa rika langu kutoka na mdomo mtupu," alisema, "ni sawa na kutoka amesahau nguo."

Tulitaniana sana, mimi na yeye. Aliniita mke mwenzake, kwa sababu eti babu alikuwa mume wetu sote wawili, na alidai mimi ndiye mke mdogo mvivu. Nilimpenda. Hata hivyo tulipokwenda pamoja bombani watu walimkodolea macho. Rafiki yangu Demetria, binti wa karani kutoka Bukoba, aliniuliza bila ubaya wowote, "Hivi bibi yako anakulaga vipi? Na mbona imekwaruzika hivyo?" Nilimjibu kwamba anakula kuliko yeye. Moyoni sikujua kama naona haya au najivunia bibi yangu. Hisia zote mbili zilikuwemo, zikisukumana.

Jumapili iliyofuata mdogo wangu angebatizwa, apewe jina la babu, Marselino. Na aliyepangwa kumbeba mpaka mbele ya padri alikuwa Bibi Tekla. Alikuwa amekwisha kufua kanga zake mara mbili.

Ndipo nikapata wazo langu la busara. Nikasema moyoni ndonya ile yenye mikwaruzo nitaing'arisha kwenye kerezo, dakika mbili tu, iwe inameremeta. Kanisa zima litazame, wala asipatikane wa kuuliza kwa nini imekwaruzika.

Jumanne asubuhi Bibi alipokuwa ananawa, niliichukua kutoka kwenye kifuu. Hatukuwa na shule siku hiyo. Nilijua Fundi Anselmo huwapelekea wateja mizigo yao asubuhi, na kweli banda lilikuwa wazi bila mtu. Niliiweka ndonya kati ya zile ncha mbili. Nikakumbuka Fundi husema, tunapobana tendegu, "Kaza mpaka isitikisike." Nikakaza. Ikatikisika kidogo, nikakaza tena.

Ikalia ta. Sikuwa hata nimekanyaga. Ndonya ya Bibi ilikuwa imepasuka vipande viwili, na kimoja kilianguka kwenye maranda.

Nilijaribu kuviunganisha vile vipande kwa vidole, kana kwamba mpingo ni unga utashikana. Kisha nikavifunga kwenye pindo la gauni, nikarudi nyumbani.

Nyumbani nilimkuta Bibi amepiga magoti akipapasa chini ya kitanda. Kanga ameikaza mdomoni.

"Mke mwenzangu, hujaiona ndonya yangu?" aliuliza. Maneno yalimtoka yakiwa na upepo.

"Sijaiona, Bibi."

Uongo ule ulikuwa na maneno mawili tu. Nilidhani utaishia pale.

Tulitafuta siku nzima. Nasema tulitafuta, kwa sababu na mimi nilitafuta. Nilihamisha masanduku, nikakung'uta mkeka, nikalaumu panya. Mama yangu, Benedicta, alifagia chumba mara tatu. Jioni nilimsikia akimwambia baba, "Mama ameanza kusahau. Ameiweka mahali, hakumbuki."

Bibi alilisikia neno hilo. Asubuhi ya Jumatano, nilipompelekea uji, alinishika mkono akaniuliza polepole, "Leo ni siku gani?"

"Jumatano, Bibi."

"Eeh. Nilidhani Jumatano, lakini siku hizi sijiamini." Akatazama kifuu kitupu. "Mie naona niliiweka humu. Naiona kabisa mkono wangu ukiiweka. Sasa kama haimo, basi hata ninachokiona si kweli."

Hakuniita mke mwenzake. Nilitoka nje nikamwaga machozi nyuma ya choo. Nilijua kabisa kwamba ni yeye mwenye akili timamu katika nyumba ile, na kwamba mimi ndiye ninayemchanganya. Lakini kila nilipotaka kusema, nilichukua ndoo nikaenda bombani. Nikajiambia, nitatengeneza nyingine, niiweke kwenye kifuu, mambo yaishe bila mtu kujua.

Mchana nilikwenda kwa Fundi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mbona uso umekukunjamana hivyo?"

"Naomba kipande cha mpingo. Nataka kutengeneza kizibo cha kibuyu."

"Kizibo cha mpingo?" Alinitazama kidogo. "Kibuyu cha nani hicho, cha sultani?" Lakini alinipa vipande vichache vya pembeni, akaendelea na michi yake.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kuliko siku zote. Nilipima vile vipande viwili kwa uzi, nikiwa nimevishikanisha. Nikipima huku, uzi ulikuwa mrefu. Nikigeuza nikapima kule, uzi ulikuwa mfupi. Nikapima tena, vilevile. Nikafikiri uzi unavutika, nikatumia unyasi. Unyasi nao ukasema maneno mawili. Duara gani lina vipimo viwili? Ningemuuliza Fundi angenijibu mara moja, ila nitamuulizaje juu ya kitu ambacho sina?

Kipande cha kwanza kilinitoka kwenye ncha kikaruka mpaka barabarani. Alhamisi cha pili nilikikereza nusu nzima ya mchana, patasi ikiteleza tu, mpaka Fundi akaja akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Unakwenda kinyume tena, Anjelina. Si nilikueleza ukasema umeelewa?" Nikasema ndiyo. Akanitazama, akaguna, akaenda zake. Ijumaa, kwa bahati zaidi kuliko ustadi, nilipata kijiti kinene, laini, cha duara safi. Niliufuata uzi ule mrefu. Nikakata kipande kwa msumeno, nikakisugua kwa msasa mpaka kikameremeta. Kwa kweli kilikuwa kizuri kuliko cha babu. Nilijivunia, Mungu anisamehe.

Kila asubuhi Bibi aliniuliza leo ni siku gani. Ijumaa hiyo jioni alimwambia mama kwamba hatakwenda kanisani. "Mtafuteni mwingine wa kumbeba mtoto," alisema nyuma ya kanga. "Nisije nikamsahau huko njiani." Alisema kama utani, lakini hakuna aliyecheka.

Jumamosi alfajiri, alipotoka kwenda kunawa, nilikiweka kile kipande ndani ya kifuu nikakifunika kwa kitambaa chake cha ugoro. Kisha nikapiga kelele kwamba nimeiona.

Bibi alikuja mbio. Sikuwahi kumwona akikimbia. Aliitwaa ndonya kwa mikono miwili, macho yakamjaa furaha. Mama naye akaja, mtoto begani, akisema, "Si nilisema, Mama? Ilikuwa humo humo chini ya kitambaa." Bibi akatugeuzia mgongo aivae.

Tulisubiri. Nikamwona mabega yake yanahangaika. Akaivua, akaivaa tena, akatoa sauti ndogo ya maumivu. Halafu akageuka, kanga mdomoni, ndonya kiganjani, akaketi kitandani kama mtu aliyechoka sana.

"Hainiingii," alisema. "Miaka arubaini imekaa humu. Leo hainiingii." Akaipapasa kwa kidole. "Mikwaruzo yangu iko wapi? Benedicta, mwanangu, niambie kweli. Ndonya yangu imebadilika, au ni mimi?"

Mama alikaa karibu naye akamshika bega. "Labda tumpeleke hospitali," alininong'oneza. Bibi akaanza kulia, bila sauti.

Sikuweza tena. Nilipiga magoti, nikafungua pindo la gauni, nikaviweka vile vipande viwili mapajani mwake.

"Ni mimi, Bibi. Niliichukua Jumanne ulipokuwa unanawa. Niliibana kwenye kerezo ikapasuka. Hiyo nyingine nimeitengeneza mimi. Wewe hukusahau kitu."

Mama alipandwa na hasira akatafuta kitu cha kunichapia. Lakini Bibi aliinua mkono. Alivitazama vile vipande, akavipanga kiganjani, akapapasa kila mkwaruzo. Nilingoja anilaani.

"Kumbe mie mzima," alisema. Akavuta pumzi ndefu. "Niliiweka kwenye kifuu. Mkono wangu niliuona vizuri." Kisha ndipo akanitazama, na macho yake yalikuwa makali. "Simama. Twende kwa Anselmo."

Tulikwenda watatu, Bibi amejifunika kanga mpaka machoni, mama nyuma na mtoto begani. Demetria alitupungia mkono kutoka barazani kwao, nikashindwa hata kumpungia.

"Shikamoo, Mama," Fundi Anselmo alisema, akaondoa kofia.

"Marahaba, mwanangu. Huyu ana neno la kukuambia."

Nililisema lote, tangu ndonya mpaka kizibo cha kibuyu. Fundi akatwaa vile vipande na ile mpya.

"Ulikaza kiasi gani?"

"Ulisema nikaze mpaka isitikisike."

"Nilisema hivyo kwa tendegu, nene kama mguu wako. Kitu chembamba ukikikaza hivyo, ncha inakuwa kabari, inapasua. Ulijua hilo?"

"Sikujua."

"Uliniuliza?"

"Hapana, Fundi."

"Na hii mpya, ulipima vipi?"

Nikamweleza habari ya uzi uliosema maneno mawili. Hapo Fundi akacheka, na cha ajabu hata Bibi akacheka nyuma ya kanga yake.

"Uzi haukukudanganya," Bibi alisema. "Babu yako hakuchonga duara. Alikaa mbele yangu pale uani siku nzima, anachonga, ananivalisha, ananiuliza panauma wapi, anapunguza. Mdomo wangu una upande mmoja mfupi. Kwa hiyo na ndonya yangu ina upande mmoja mfupi."

"Kerezo linajua duara tu," Fundi akaongeza. "Mdomo wa mtu si duara. Kitu cha mwilini mwa mtu hakitengenezwi kwa siri, Anjelina. Lazima mwenyewe awepo akwambie. Shika tupa. Punguza upande huu, kwa kufuata vinyweleo vya mti, usikate kinyume chake. Umeelewa?"

Nilifungua mdomo kuitikia kama kawaida yangu. Nikaufunga.

"Sijaelewa, Fundi," nilisema. "Vinyweleo vinaelekea wapi?"

Nilingoja kukemewa. Yeye akachukua ile ndonya, akaigeuza kwenye mwanga, akanionyesha mistari myembamba ndani ya weusi wa mpingo, akaniongoza kidole juu yake. Ilichukua muda mfupi sana. Miezi miwili nilikuwa naogopa muda mfupi kiasi kile.

Basi nikaketi kwenye kigoda mbele ya Bibi, kama babu alivyoketi. Nilipunguza, nikampa, akageuka akavaa.

"Hapa panauma."

Nikapunguza.

"Sasa huku chini inabana."

Nikapunguza tena, nikasugua kwa msasa. Sijui ni mara ngapi. Mtoto alilala, akaamka, akanyonya, akalala tena. Mama alikuwa amekwisha kusahau hasira yake, akawa anatoa ushauri usiotakiwa. Mwishowe Bibi alivaa. Alisogeza mdomo huku na huku. Kisha akaishusha kanga mabegani, mbele yetu sote.

"Imekaa," alisema, na maneno hayakuwa tena na upepo.

Aliniita nikae karibu yake. "Sikiliza, maana nitasema mara moja. Kuvunja si kosa kubwa. Mikono inayofanya kazi huvunja. Marehemu alivunja vingi, na mimi vyungu vyangu havihesabiki. Kosa lako la kwanza ni kuchukua bila kuomba na kuvunja amri ya fundi wako. Lakini kubwa ni hizi siku nne. Ulinitazama nikitafuta kitu ulichokijua kilipo. Ndonya uliipasua mara moja, akili zangu ulizipasua kila asubuhi. Hilo usimfanyie mtu tena."

"Sitafanya, Bibi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Na hili la kuitikia usichokielewa, nalo ni uongo, ila umevaa nguo za adabu. Kuuliza si ujinga. Mficha uchi hazai."

"Mama," mama yangu akakohoa, "mtoto huyo."

"Si mtoto, ni mke mwenzangu," Bibi alisema.

Niliposikia jina lile nililia kuliko nilivyolia wiki nzima.

Fundi Anselmo alinifungia kerezo kwa mwezi mmoja. Nilifagia maranda tu, na hiyo ilikuwa haki yangu. Aliponirudisha, hakuniuliza tena kama nimeelewa. Alisema, "Haya, nieleze wewe," nami nilieleza kwa maneno yangu mpaka aridhike, na siku nyingine hakuridhika mpaka mara ya tano. Vile vipande vya ndonya ya babu Bibi alivihifadhi kwenye kifuu, navyo vilikaa humo mpaka mwisho wa maisha yake.

Jumapili ile alitangulia mbele yetu kwenda kanisani, kanga zake zimenyooka, mtoto mikononi. Watu walimtazama kama kawaida. Demetria alisogea akaninong'oneza, "Ndonya ya bibi yako mpya? Nani kaitengeneza?" Nikamwambia ni mimi, na kwamba nitamsimulia yote, hata yanayoniaibisha.

Mlangoni mwa kanisa Bibi alisimama akanisubiri. Nilidhani anataka nimpokee mtoto.

"Leo ni Jumapili," alisema. "Hukuniuliza, lakini nakwambia." Akaingia ndani.